Tiba ya Kurudi: Kiharusi, Moyo na Mazoezi katika Historia ya Ufipa

Mwaka 1889 tabibu kijana aliwasili Karema, ufukwe wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, karibu na Timbuktu, kando ya Mto Niger. Akiwa mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa Jangwa la Sahara, mpaka Mapadri Weupe walipomkomboa nchini Algeria. Kadinali Lavigerie alimpeleka Malta kusomea utabibu, kisha akamtuma Afrika Mashariki kuwatibu watu ambao hata salamu yao hakuwa ameisikia. Jina lake lilikuwa Adrian Atiman. Alioa hapo, akapata mtoto ambaye baadaye akawa padri, na hakuiacha kazi hadi alipofariki mwaka 1956, baada ya miaka 67.

Karema leo imo katika Mkoa wa Katavi, lakini hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Rukwa, na kwa upande wa Kanisa ndiyo mama wa Sumbawanga: Jimbo la Karema ndilo lililogeuka kuwa Jimbo la Sumbawanga mwaka 1969. Mjini Sumbawanga, kwenye nyanda za Ufipa, ipo hospitali inayoitwa kwa jina la Dk. Atiman. Wagonjwa wanaopita getini mwake kila asubuhi, wengine kwa bodaboda, wengine wamebebwa mgongoni na ndugu zao, hulitaja jina hilo pengine bila kujua kwamba mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa.

Atiman alipasua, alifunga majeraha, alizalisha, na hakudharau mitishamba ya waganga wa wenyeji. Simulizi ya maisha yake ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na msomaji wa leo akiisoma huvutiwa kwanza na safari ya jangwani. Kwa historia ya tiba, hata hivyo, jambo kubwa la maisha yake ni kwamba alikaa. Mgonjwa aliyemwona wakati wa masika aliweza kumwona tena wakati wa kiangazi, na mwaka uliofuata, na miaka kumi baadaye. Katika nyanda ambazo maofisa, wafanyabiashara na watafiti walikuja na kuondoka, hilo lilikuwa jambo adimu.

Na yako maradhi ambayo bila mtu wa kumrudia hayatibiki. Kiharusi ni mojawapo.

Kiharusi humwangusha mtu kwa dakika chache, lakini kumwinua ni kazi ya miezi. Donge la damu likiziba mshipa wa ubongo, au mshipa ukipasuka, sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Sehemu iliyobaki hai hujifunza kubeba baadhi ya kazi za ile iliyokufa, na hujifunza kwa kurudia: kukaa kitandani bila kuegemea, kusimama, kuhamisha uzito kwenye mguu uliolegea, kufungua vidole, kushika kikombe, kukiacha, kukishika tena. Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa mazoezi tiba. Haina kifaa cha kushangaza wala dawa ya rangi. Ina kurudia tu, kwa mpangilio na kwa uangalizi.

Wengi hudhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee wenye presha, na kwa walio wengi ndivyo ilivyo. Lakini lipo kundi jingine wodini: vijana, wasichana, akina mama wa umri wa kuzaa, ambao presha yao haina tatizo lolote. Kwa baadhi ya hao mkasa ulianzia utotoni, kwenye koo. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 hupata maambukizi ya bakteria aina ya streptokoka, koo likauma siku chache na kupona. Wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili, iliyokuwa imejiandaa kumpiga bakteria, huanza kuupiga mwili wenyewe. Magoti huvimba, kisha vifundo vya mikono, maumivu yakihama kutoka kiungo hadi kiungo. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Viungo hupona. Moyo mara nyingi hauponi: valvu zake hupata makovu, hukakamaa, zikashindwa kufunguka vizuri au kufunga. Damu ikikwama nyuma ya valvu iliyobana, chumba cha juu cha moyo hutanuka na kuanza kutetemeka bila mpangilio, na humo ndimo donge la damu huumbika. Siku likiponyoka, huweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo.

Magonjwa ya kinga inayoshambulia mwili wa mwenyewe ni mengi. Lupasi nayo inaweza kuleta kiharusi kwa mwanamke kijana, hasa ikiambatana na hali ya damu kuganda ovyo iliyoelezwa mwaka 1983 na daktari Graham Hughes wa London. Lakini katika hospitali za Afrika Mashariki aliyejaza vitanda zaidi ni moyo ulioharibiwa na baridi yabisi, na ndiye anayeihusu zaidi historia ya mahali kama Ufipa.

Nyanda za Ufipa ziko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, zikibanwa kati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi, na Rukwa upande wa mashariki, chini ya ukingo mkali wa Lyamba lya Mfipa. Miezi ya Juni na Julai baridi huuma hasa, na mtu wa bonde la Rukwa akipanda kwenda Sumbawanga hukumbuka koti. Ni nchi ya nyasi na upepo. Wafipa waliigeuza kuwa nchi ya chakula kwa mbinu yao ya ntumba: nyasi hufukiwa ndani ya vilima vidogo vya udongo, zikaoza, maharage au mazao mengine yakapandwa juu, na msimu unaofuata kilima husambazwa ili shamba lipandwe ulezi au mahindi. Ni kilimo cha akili, na pia cha mgongo na mikono miwili. Hawa ndio watu waliokuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri za udongo zenye urefu wa kama mita 3, zilizojivutia hewa zenyewe bila mivukuto, na waliofuma nguo za pamba kabla ya kaniki za dukani kufika.

Katika nchi ya namna hiyo mkono uliopooza ulikuwa na maana iliyo wazi. Aliyeshindwa kushika jembe hakuweza kutengeneza ntumba, na mwanamke aliyeshindwa kukaza mikono yote miwili hakuweza kutwanga wala kusaga ulezi. Kazi zake zilibebwa na ndugu, na matunzo yake pia. Kama ilivyo sehemu nyingine za nchi, familia ilimkanda mgonjwa kwa maji ya moto yenye majani, ikamchua kwa mafuta, ikamfukiza, ikaita mganga achanje chale. Mtu alikalishwa juani, akashikwa mabega mawili na kutembezwa uani. Mambo hayo yasidharauliwe. Mguu unaochuliwa na kukunjwa kila siku haukakamai upesi, na mtu anayegeuzwa kitandani hapati vidonda vya mgongo. Kabla ya hospitali kuwako, kilichowaokoa wengi kilikuwa mikono ya mama, mke, binti na shangazi.

Lakini mikono hiyo ilikuwa na mipaka yake. Upande uliopooza mara nyingi umepoteza hisia, na maji yanayomfaa mkandaji huweza kumbabua anayekandwa. Bega lililolegea hutoka mahali pake likivutwa, na njia rahisi ya kumwinua mgonjwa, kumshika mkono na kumvuta, ndiyo inayoliumiza. Na juu ya yote hapakuwa na namna ya kujua kwamba msichana aliyepooza leo ndiye yule aliyelala magoti yakiwa yamevimba miaka kumi iliyopita.

Wageni walipoanza kujenga, walijenga kando ya maji. Kapteni Cambier wa Ubelgiji aliweka kituo Karema mwaka 1879 kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, na mwaka 1885 Mapadri Weupe wakakipokea. Wajerumani nao waliweka boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Uwandani misheni zilifuata baadaye, na zahanati zikafuata misheni. Ziwa ndilo lililokuwa barabara. Meli ya Graf von Götzen, iliyoelea mara ya kwanza mwaka 1915 na kuzamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ilinyanyuliwa na Waingereza na kuanza safari tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi mtu wa Kirando au Kasanga aliyehitaji hospitali kubwa aliisubiri meli hiyo. Aliyekaa Laela au Mpui, juu uwandani, alitembea.

Wakati wa Waingereza, katika miaka ya 1920, serikali ilipambana na buba kwa sindano. Vidonda vilivyomtesa mtu miaka vilikauka baada ya sindano chache, na habari zikaenea Tanganyika nzima. Kampeni hiyo ilifanya mema mengi, na pia ilijenga imani ambayo bado ipo: tiba ya kweli ni ile inayochomwa mara moja na kumaliza kazi. Mtaalamu yeyote wa mazoezi tiba anaifahamu imani hiyo. Mgonjwa wa kiharusi huuliza sindano iko wapi. Akiambiwa anyanyue mguu mara kumi, apumzike, anyanyue tena, na arudi wiki ijayo, huona amenyimwa dawa.

Hata Ulaya mazoezi kwa wagonjwa wa kiharusi yalichelewa kuheshimiwa. Chama cha kwanza cha wachuaji nchini Uingereza kiliundwa mwaka 1894, lakini hadi miaka ya 1940 aliyepooza upande mmoja alifundishwa tu kuishi na upande uliobaki. Katika miaka hiyo Berta Bobath, mkimbizi kutoka Berlin aliyekuwa mtaalamu wa mazoezi ya mwili mjini London, alianza kumtibu mchoraji Simon Elwes, aliyekuwa amepata kiharusi. Badala ya kuuacha upande uliopooza, aliufanyia kazi. Yeye na mumewe Karel, aliyekuwa daktari, waliijenga njia yao kutokana na uzoefu huo, na ikatawala hospitali kwa miongo kadhaa. Baadaye Janet Carr na Roberta Shepherd wa Australia waliisukuma fani mbele kwa wazo jingine: anayetaka kujifunza kunywa afanye mazoezi ya kunywa, anayetaka kuamka kitini afanye mazoezi ya kuamka kitini. Mwaka 2006 utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 222 ulionyesha kwamba kuuzuia mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi huleta nafuu hata miezi kadhaa baada ya kiharusi.

Wazo la Carr na Shepherd lingeeleweka upesi na bibi yeyote wa Ufipa. Kupukuchua mahindi, kupepeta ulezi, kuchambua maharage kwenye ungo, kukamua nguo: zote ni kazi zinazodai vidole viwili vikutane, kiganja kifunguke na macho yaelekeze mkono. Mgonjwa wa Sumbawanga hahitaji mpira wa plastiki kutoka ng'ambo. Anahitaji mtu wa kumwambia aanze na punje ngapi, akae vipi, na lini aongeze.

Afrika Mashariki ilijifunza mazoezi tiba kupitia polio kabla ya kujifunza kupitia kiharusi. Katika miaka ya 1960 daktari wa upasuaji Ronald Huckstep, akiwa Mulago mjini Kampala, aliona watoto wakitambaa kwa sababu vyuma vya miguu kutoka Ulaya vilikuwa ghali. Akabuni vya bei nafuu, vya kutengenezwa hapa hapa, na kitabu chake kuhusu polio katika nchi zinazoendelea kikasomwa mbali. Tanzania ilipata kitovu chake Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, mafunzo ya mazoezi tiba yakaanzishwa hapo katika muongo huo huo, na mwaka 1981 kikaongezeka chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Kutoka Moshi walitoka watu waliokwenda kuhudumia hospitali za mikoa nchi nzima.

Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Moshi. Mkoa wa Rukwa wenyewe ulizaliwa mwaka 1974 tu, ukikatwa kutoka mikoa jirani ya Mbeya na Tabora, wakati operesheni ya vijiji ikiwahamisha watu na kuwakusanya kwenye vijiji vya ujamaa. Zahanati zilijengwa vijijini. Katika miaka ya 1980 na 1990 Wanorwe waliusaidia mkoa kwa mpango mkubwa wa maendeleo uliojulikana kama RUDEP. Hata hivyo barabara ilibaki ya vumbi na matope hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224, ilipojengwa kwa fedha za mfuko wa Marekani wa Changamoto za Milenia. Watu wa Rukwa wanakumbuka vizuri siku za kulala njiani wakati wa masika. Hospitali ya rufaa ya Mbeya ilikuwa, na ingali, zaidi ya kilomita 300.

Barabara ina uhusiano gani na kiharusi? Mkubwa sana. Mgonjwa aliyefikishwa hospitali kwa taabu ya namna hiyo alifikishwa mara moja. Alilazwa, akapata nafuu ya kwanza, akaruhusiwa, na huo ndio ukawa mwisho wa mazoezi yake. Sehemu ya kazi iliyohitaji miezi ilipewa wiki.

Upande wa moyo hadithi ilikwenda hivyo hivyo. Kwa miaka mingi vitabu vya Ulaya vilifundisha kwamba homa ya baridi yabisi ni ya nchi za baridi na kwamba Afrika ya tropiki imeepushwa. Madaktari waliofungua macho katika hospitali kama Mulago waliona vingine: valvu zilizoharibika zilikuwa tele, kwa watoto na kwa vijana. Kinachoueneza ugonjwa huu ni msongamano wa watu, nyumba ndogo na koo lisilotibiwa, na hayo yalikuwako uwandani kama yalivyokuwako mjini. Kinga nayo ilikuwa imeshapatikana. Mwaka 1950 watafiti katika kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Wyoming walionyesha kwamba penisilini kwa koo la streptokoka huzuia homa ya baridi yabisi. Muongo huo huo ikaja penisilini ya benzathini, inayokaa mwilini muda mrefu. Mtoto aliyekwisha kuugua akichomwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, shambulio la pili na la tatu huzuiwa, na moyo huhifadhiwa.

Hapo ndipo hesabu ya Ufipa inapokuwa ngumu. Sindano ya buba ilikuwa ya mara chache. Hii ni ya kila mwezi kwa miaka kumi au zaidi. Zahanati ikikosa dawa miezi miwili, kinga imevunjika. Mama akiona mtoto anacheza vizuri na kuamua kwamba safari ya kliniki isubiri mavuno, hakuna anayeweza kumlaumu kirahisi, lakini moyo hausubiri.

Kwamba sindano hiyo inafaa hata kabla dalili hazijaonekana, ushahidi mkubwa umetoka hapa hapa jirani. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwapima moyo maelfu ya watoto wa shule, wakawachukua 818 waliokuwa na ugonjwa wa awali usio na dalili na kuwagawa makundi mawili. Baada ya miaka miwili, kati ya waliochomwa penisilini kila baada ya wiki nne ni asilimia 0.8 tu ambao ugonjwa wao uliendelea. Kwa wasiochomwa ilikuwa asilimia 8.2. Kwa shule moja tofauti hiyo ni watoto wachache tu. Kwa nchi nzima ni maelfu ya mioyo.

Kwa yule ambaye valvu yake imeshaharibika na moyo unatetemeka, kinachozuia kiharusi ni dawa ya kuzuia damu isigande. Wengi walitumaini dawa mpya zisizohitaji kipimo cha damu zingechukua nafasi ya warfarini ya zamani. Mwaka 2022 utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulitoa jibu tofauti: kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo, waliotumia dawa za jamii ya warfarini walipata vifo vichache zaidi. Warfarini inadai damu ipimwe mara kwa mara na dozi irekebishwe. Tiba nyingine ya kurudi, tena na tena.

Sasa mgonjwa huyo akipata kiharusi, mazoezi yake yanahitaji akili ya ziada. Mtaalamu hawezi kumsukuma kama anavyomsukuma mzee mwenye presha. Anahesabu mapigo kabla na baada, na mapigo yenyewe hayana mpangilio. Anaangalia kama miguu imevimba, kama mgonjwa anahema akilala chali, kama midomo inabadilika rangi. Vipindi vinakuwa vifupi, vya dakika chache na mapumziko marefu, lakini vingi kwa siku. Kwa anayekunywa warfarini kuchua kwa nguvu ni hatari, kwa kuwa damu huvuja ndani ya misuli, na kuanguka uani huweza kuleta damu kichwani. Mwenye lupasi ana mambo mengine: uchovu usioisha kwa kulala, viungo vinavyouma asubuhi, mifupa iliyodhoofishwa na dawa za steroidi alizotumia miaka. Kwake siku nzuri hutumika kwa mazoezi ya kutembea na siku mbaya kwa kunyoosha viungo tu, na hakuna aibu katika hilo. Anayelazimisha ratiba moja kwa wote atawaumiza watu.

Haraka nayo ina hasara zake. Mwaka 2015 matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano yalionyesha kwamba kumwamsha mgonjwa na kumfanyisha mazoezi mengi ndani ya saa 24 za kwanza kunapunguza uwezekano wa kupona vizuri. Kuamka kidogo, mara kadhaa, kulishinda kuamka kwa muda mrefu. Ndugu wanaomwinua mgonjwa usiku ule ule ili ugonjwa usimzoee wanastahili kuelezwa jambo hilo kwa upole.

Picha kamili ya kiharusi nchini ilianza kuchorwa na watu wa wilaya ya Hai na jiji la Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2003 na 2006 timu ya Richard Walker na wenzake wa Tanzania ilizunguka vitongoji kutafuta kila aliyepata kiharusi. Walipata watu 636. Walipolinganisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na kiwango cha 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka na Hai 108.6. Kiwango cha jijini kilizidi vile vya nchi nyingi tajiri. Mtafiti Gerry Mshana na wenzake waliuliza pia watu wanaamini nini. Dar es Salaam wengi walitaja majini na uchawi, na njia yao ilianzia kwa mganga. Hai, vijijini, wengi walitaja presha na sababu za kawaida. Matokeo hayo yanafaa kukumbukwa na kila anayezungumza juu ya Sumbawanga, mji ambao kwa miaka mingi watu wa mikoa mingine wameutajia uchawi kana kwamba ndiyo habari yake pekee. Kusema mgonjwa wa Rukwa alichelewa hospitali kwa sababu ya ushirikina ni rahisi. Mara nyingi alichelewa kwa sababu ya nauli.

Swali lililobaki ni la ndugu. Ikiwa familia imekuwa ikifanya kazi hii tangu enzi za falme za Wafipa za Milanzi na Nkansi, je, haitoshi kuifundisha tu na kuiachia? India walilijaribu hilo kwa uangalifu. Katika hospitali 14 waliwachukua wagonjwa 1,250, na kwa nusu yao ndugu walifundishwa mazoezi ya kufanya nyumbani. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalivunja moyo: baada ya miezi sita asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamekufa au wakitegemea wengine. Mafunzo mafupi kwa ndugu hayakuziba pengo la mtaalamu. Matokeo hayo yachukuliwe kwa uzito na kila mpangaji anayefikiria kwamba upendo wa Kiafrika utafanya kazi ya serikali. Ndugu wanatosha kwa mengi, lakini mtu wa kuwasahihisha, kuongeza zoezi, kugundua bega linalotoka na mapigo yanayokwenda ovyo, lazima awepo na lazima aonekane tena mwezi ujao.

Kwa hiyo ombi linalotokana na historia hii ni dogo, na linaweza kutekelezwa bila kusubiri hospitali mpya. Halmashauri za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo zina siku za kliniki. Siku ile mtoto mwenye moyo wa baridi yabisi anapokuja kuchomwa sindano, na mgonjwa wa warfarini anapokuja kupimwa damu, mtaalamu wa mazoezi tiba apangwe awe hapo hapo, meza ya jirani, amwone aliyepooza, ampime hatua zake na kumpa zoezi la mwezi. Nauli itakuwa moja, safari moja, jalada moja. Na mzazi wa Ufipa anayesoma hapa, mtoto wako akiumwa koo na wiki chache baadaye magoti yakavimba na maumivu yakahama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, usimkande ukasubiri. Mpeleke akapimwe moyo, na ukipewa tarehe ya kurudi, rudi.